Kutoka Kitu Bandia hadi Kaimu: Historia ya Vibadala vya Majaribio katika Programu za Wavuti zenye Aina, kwa Mtazamo wa Darasa la Musinzira, Gitega

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kile ambacho watunzi wa programu wanaotumia Kiingereza hukiita mock object, yaani kitu kinachosimama mahali pa kitu kingine wakati programu inapojaribiwa, tangu kilipozuka London mwaka 1999 hadi kilipoingia katika programu za wavuti zinazoandikwa kwa lugha zenye aina. Hoja yetu ni kwamba historia hiyo yenyewe inaonyesha kuwa kinachoigwa ni wadhifa, wala si kitu. Kwa sababu hiyo istilahi "kitu bandia", ambayo imeanza kuzoeleka madarasani, inampotosha mwanafunzi, na "kaimu" iko karibu zaidi na ukweli wa mambo. Mifano imetolewa katika mfumo wa OpenMRS unaotumika katika hospitali za Afrika Mashariki na katika darasa letu la Musinzira.

Utangulizi

Musinzira ni mtaa wa Gitega, mji ambao Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi mwaka 1912 na ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Kiswahili kilifika sehemu hizi pamoja na wafanyabiashara na askari, na hadi leo ndiyo lugha ambayo kijana wa Gitega na kijana wa Muyinga, jirani wa mpaka wa Tanzania wa Kobero, huweza kuitumia sokoni bila kuulizana wametoka wapi. Katika chumba tunachofundishia utunzi wa programu za wavuti lugha nne hukutana kila siku. Utani ni wa Kirundi, vitabu ni vya Kifaransa, miongozo ya lugha za programu ni ya Kiingereza, na maelezo ya mwalimu, kwa makubaliano, ni ya Kiswahili.

Tatizo la makala haya lilianzia hapo. Vitabu vya Kifaransa vinavyowafikia wanafunzi wetu huita kibadala cha majaribio simulacre, na aina yake iliyo nyepesi huitwa bouchon, ambalo ndilo neno la kawaida la kizibo cha chupa. Kiingereza nacho kina mock, neno lenye maana ya kuiga na pia ya kudhihaki. Mwanafunzi aliyeyapata maneno hayo matatu kwa wiki moja aliyajumlisha yote kwa neno moja la Kiswahili: bandia. Wenzake walilipokea, kwa kuwa bandia ni neno la kila mtu. Kuna dawa bandia na noti bandia. Lakini bandia hutengenezwa ili mtu adanganyike, na mwanafunzi anayeamini kwamba anatengeneza cha kudanganyia hawezi kujiuliza swali lililo muhimu kuliko yote: je, hiki nilichokiweka kinatimiza ahadi za kile kisichokuwepo?

Jaribio la kipande kabla ya London

Jaribio la kipande ni programu fupi inayoita sehemu moja ndogo ya programu kubwa, ikaipa data inayojulikana, ikalinganisha jibu na jibu linalotarajiwa. Funksheni ya kuhesabu umri wa mgonjwa hupewa tarehe mbili. Ikirudisha 34 pale ambapo 34 ndilo jibu, jaribio hupita. Mazoea ya kuandika majaribio ya namna hii kwa lugha ileile ya programu yenyewe yalienezwa na Kent Beck, aliyechapisha muundo wake kwa ajili ya lugha ya Smalltalk mwaka 1994. Mwaka 1997 Beck na Erich Gamma waliuhamishia katika Java wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, na JUnit ikazaliwa. Takriban kila lugha ya programu inayotumika leo ina mjukuu wa kazi hiyo.

Funksheni ya kuhesabu umri haimtegemei mtu. Ugumu huanza pale kipande kinapohitaji jirani: hifadhidata, seva ya mbali, saa ya kompyuta, mashine ya kuchapisha. Ili kukijaribu kipande hicho kwa njia ya moja kwa moja, lazima majirani wote wawepo na wawe wazima. Katika mji wenye umeme wa kuaminika na intaneti isiyokatika, hilo ni kero tu. Gitega, ambako umeme huweza kuondoka katikati ya somo na vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa kuhesabu faranga, ni kizuizi kamili. Wanafunzi wetu waliuelewa umuhimu wa kibadala kabla hatujawaeleza, kwa kuwa nusu ya saa zetu za mazoezi seva haifikiki.

London, 1999

Inafaa kusisitiza kwamba wavumbuzi hawakuanza na tatizo la seva isiyofikika. Walianza na tatizo la adabu ya vitu. Katika kampuni ya Connextra mjini London, John Nolan aliwapa watunzi wake sharti la kuandika programu ambamo hakuna kitu kinachoulizwa habari za ndani yake. Kitu kiamriwe kutenda, kisichunguzwe tumboni. Sharti hilo lilipendeza kwa usanifu, ila lilivunja majaribio, maana mazoea yalikuwa kukiita kitu kisha kukiuliza hali yake imekuwaje. Usipokiuliza, utajuaje kwamba kimetenda?

Jibu walilolipata ni la werevu mkubwa. Walikiwekea kitu jirani waliyemtunga wenyewe, naye jirani huyo akawa ameelezwa mapema: utaombwa jambo fulani, mara moja, kwa data hizi, usipoombwa hivyo, piga kelele. Jaribio likahama kutoka tumbo la kitu hadi kwenye mazungumzo yake na wenzake. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliieleza mbinu hiyo katika mkutano wa XP2000 mjini Cagliari, kisiwani Sardinia, kwa makala waliyoiita Endo-Testing, kwa maana ya kujaribu kutoka ndani. Neno mock likakaa. Nadhani halikuwa chaguo zuri hata kwa Kiingereza, na miaka iliyofuata inanipa haki.

Wawili kati ya waandishi hao, Mackinnon na Freeman, wakiwa sasa pamoja na Nat Pryce na Joe Walnes, walirudi mwaka 2004 katika mkutano wa OOPSLA kwa makala ambayo kichwa chake kinadai kwamba kinachopaswa kuigwa ni wadhifa, si kitu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hati muhimu kuliko zote katika historia hii. Miaka mitano ya kutumia mbinu yao iliwafundisha kwamba waliipa jina lisilofaa. Kipande cha programu hakimjui jirani yake kwa sura. Kinajua kwamba mahali fulani pana mtu mwenye kazi fulani, na kwamba akiombwa atajibu kwa namna iliyokubaliwa. Yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho na kutimiza kazi hiyo, kipande hakina neno naye.

Msemaji wa Kiswahili ana jina la mtu wa namna hiyo tangu zamani: kaimu. Kaimu Mkurugenzi si mkurugenzi bandia. Ana barua ya uteuzi, mipaka ya madaraka, na muda wake. Akitia saini, saini ni halali ndani ya mipaka hiyo. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu katika dhana ya kusimama, na katika dola ya Othmani cheo cha kaimakamu kilimaanisha anayesimama mahali pa mwingine. Kuna na faida ya kisarufi ambayo wanaisimu watatusamehe tukiitaja kwa haraka. "Kitu bandia" hukaa katika ngeli ya ki-/vi-, ilhali "kaimu" huvuta upatanisho wa viumbe: anaombwa, anajibu, amekataa. Mwanafunzi anaposema "kaimu hakuulizwa", sentensi yake tayari iko kwenye mazungumzo baina ya vipande, mahali ambapo watu wa Connextra waliihamishia kazi ya majaribio.

Barua ya uteuzi

Lugha zenye aina ni zile ambamo kila thamani hutangaziwa aina yake, iwe namba, matini au tarehe, na kompaila hukagua matangazo hayo kabla programu haijaendeshwa. Ndani ya lugha hizo wadhifa huandikwa waziwazi katika kiolesura, yaani orodha ya maombi ambayo mwenye wadhifa anaahidi kuyajibu, pamoja na aina ya kila jibu. Hiyo ndiyo barua ya uteuzi ya kaimu.

Mwanzoni makaimu wa Java waliandikwa kwa mkono, mmoja mmoja, na kazi ilichosha. Toleo la Java 1.3 la mwaka 2000 lilileta uwezo wa kuzalisha, wakati programu inaendeshwa, kitu kinachotimiza kiolesura chochote kitakachotajwa. Tammo Freese aliutumia uwezo huo kutunga EasyMock mwaka 2001. Mshindani wake, jMock, katika toleo lake la kwanza alitaka jina la ombi liandikwe kama matini ndani ya alama za kunukuu. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kompaila haisomi yaliyo ndani ya alama za kunukuu. Mtu akibadilisha jina la ombi katika programu, kaimu anaendelea kusubiri kuombwa kwa jina la zamani, na kosa huonekana siku ya kuendesha. Toleo la pili la jMock liliirekebisha kasoro hiyo. Tangu hapo, thamani ya kaimu mwenye aina imekuwa wazi kwa kila mtunzi wa Java: barua ya uteuzi ikibadilika, kompaila humfukuza kaimu wa zamani papo hapo.

Upande wa wavuti ulikuwa na historia nyingine kabisa. JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich kwa siku kumi mwezi Mei 1995, haikuwa na barua za uteuzi. Mtu yeyote angeweza kukalishwa kwenye kiti chochote. Ndiyo maana zana za makaimu za JavaScript, kama Sinon.JS ya Christian Johansen ya mwaka 2010 na Jest ambayo Facebook iliifungulia umma mwaka 2014, zilikuwa rahisi mno kutumia. Hapakuwa na wa kukataa.

Tarehe 1 Oktoba 2012 Microsoft ilitangaza TypeScript, iliyoongozwa na Anders Hejlsberg, mtunzi wa Turbo Pascal na C#. TypeScript iliiongezea JavaScript aina, kwa namna mbili ambazo mwalimu lazima azieleze mapema. Kwanza, aina hulinganishwa kwa umbo: kitu chenye maombi yanayotakiwa hukubaliwa hata kama hakikutangaza wadhifa wake. Kwa sababu hiyo kaimu wa TypeScript anaweza kuwa mistari mitatu tu bila zana yoyote. Pili, na hapa ndipo penye mtego, aina hufutwa zote programu inapogeuzwa kuwa JavaScript. Katika Java kiolesura huwapo hata programu inapoendeshwa, na zana ya majaribio inaweza kukisoma ikazalisha kaimu. Katika TypeScript, saa ya kuendesha inapofika, barua ya uteuzi imekwisha kuchanwa. Kompaila iliisoma, hakuna mwingine atakayeisoma.

Kuna na adha ya violesura virefu. Seva ikiahidi maombi arobaini na jaribio likahitaji moja, kompaila hukataa kaimu mwenye ombi moja, na kwa haki. TypeScript 2.1 ya Desemba 2016 ilileta njia ya kistaarabu ya kukata sehemu ya kiolesura na kuipa jina. Wengi, hata hivyo, huchukua njia ya mkato: huandika as unknown as, maneno yanayoiambia kompaila ifumbe macho na kuamini. Nimeyaona maneno hayo katika kazi za wanafunzi mara nyingi kuliko nukta na mkato. Kaimu aliyepita kwa mlango huo hana barua. Huyo tu ndiye ambaye ningekubali aitwe bandia.

Siku ya maonyesho

Mwaka mmoja wanafunzi wetu walitunga programu ya mazoezi ya daftari la wagonjwa wa kituo cha afya cha kubuni. Kiolesura kilisema kwamba seva itajibu kwa mgonjwa mwenye jina, ambalo ni matini, na tareheYaKuzaliwa, ambayo ni Date. Kaimu wa seva aliandikwa vizuri, bila njia ya mkato hata moja, akarudisha mgonjwa mwenye Date halisi. Funksheni ya umri ilijaribiwa kwa kumtumia. Majaribio yote yalipita, na kompaila haikuwa na neno. Wazazi walipoalikwa, siku hiyo umeme ukawapo na intaneti ikawapo, programu ikaunganishwa na seva ya kweli kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Skrini ikabaki nyeupe. Kosa lililoandikwa lilikuwa kwamba getFullYear si funksheni.

Sababu ni fupi. Seva hutuma majibu yake kwa muundo wa JSON, na JSON haina aina ya tarehe. Tarehe husafiri kama matini. Kiolesura kiliahidi Date, kaimu akaitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu, na seva, ambayo haikuwahi kuisoma barua yetu, ikatuma matini. Kosa lilikuwa langu mimi niliyefundisha. Nilikuwa nimewaambia kwamba kompaila hukagua kila kitu, bila kuwaambia kwamba ukaguzi wake unaishia ukingoni mwa mtandao.

Tulibadilisha mambo mawili. Ukingoni, pale jibu la seva linapoingia, tuliweka funksheni inayosoma matini na kuyageuza kuwa Date au kukataa kwa kelele. Na kaimu akahamishiwa nje ya ukingo huo, akawa anarudisha majibu yaleyale ya JSON tuliyoyahifadhi kutoka kwa seva ya kweli siku ambayo kifurushi kilikuwepo. Baadhi ya wataalamu wangesema ni afadhali kuwaacha makaimu na kutumia majirani halisi kila inapowezekana. Martin Fowler alizieleza kambi hizo mbili mwaka 2004, na ubishi haujaisha. Sisi wa Musinzira hatuna anasa ya kuchagua kambi. Majirani halisi huja wakitaka.

Eldoret na swali la nani anateua

Mfano mkubwa wa kanda yetu ni OpenMRS. Mizizi yake iko katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, ambako daftari la wagonjwa la kompyuta lilianza kutumika mwaka 2001. Kutokana na uzoefu huo na wa kwingineko, mradi wa OpenMRS ulianza mwaka 2004, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika Eldoret katika mpango wa AMPATH, na mwaka huohuo Rwanda. Nyuma ya pazia ni Java, na majaribio yake hutumia Mockito. Upande anaouona daktari umehamia TypeScript: AMPATH ilitunga programu yake kwa Angular, na OpenMRS 3 imetungwa kwa React.

Angular ina kaimu wa mtandao aliyekamilika tangu mwaka 2017. Programu hutuma ombi, kaimu hulipokea bila kugusa mtandao, jaribio hutangaza kwamba ombi hilo lilitarajiwa, kaimu hulijibu kwa data za jaribio, na mwishoni huulizwa kama limebaki ombi lolote ambalo halikutarajiwa. Wana wa Connextra wangemtambua mara moja.

OpenMRS 3 imekwenda hatua nyingine inayogusa hoja yetu moja kwa moja. Programu imegawanywa katika vifurushi vingi vinavyotungwa na timu tofauti, na vyote hutegemea kifurushi kimoja cha msingi kiitwacho esm-framework. Kifurushi hicho huja na faili la makaimu wake chenyewe, na majaribio ya vifurushi vingine huelekezwa kwenye faili hilo kila yanapokitaja kifurushi cha msingi. Maana yake ni kwamba kaimu anateuliwa na mwenye ofisi, si na mgeni aliyefika ofisini akamkuta bosi hayupo. Akiongezwa mtumishi mpya katika kifurushi cha msingi na kaimu wake akasahauliwa, majaribio ya timu nyingine huanguka, na kelele hiyo huwafikia wanaohusika. Darasani kwetu kila mwanafunzi alikuwa akimtungia kaimu seva asiyoimiliki, kwa kukisia. Tumeacha. Sasa kikundi kinachotunga seva ndicho kinachokabidhi kaimu wake, na kikundi cha skrini hakiruhusiwi kumgusa.

Majina ya aina za makaimu

Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu mifumo ya majaribio, alichoshwa na kila mtu kuita kila kitu mock, akaleta jina la jumla linalotokana na mtu anayemwakilisha mwigizaji katika sehemu za hatari za filamu. Chini ya jina hilo aliweka aina tano. Tumezitafutia majina kwa kuanzia na kaimu. Yule anayejaza nafasi tu bila kuombwa lolote tumemwita kaimu jina. Mwenye majibu yaliyoandaliwa, ambaye Wafaransa humwita kizibo, ni kaimu wa majibu. Anayefanya kazi kweli kwa njia nyepesi, kama hifadhidata inayokaa katika kumbukumbu ya kompyuta tu, ni kaimu mtendaji. Yule wa London, aliyeelezwa mapema ataombwa nini, ni kaimu wa masharti.

Wa tano alitushinda kwa muda. Yeye huacha kazi iendelee, huandika kila alichoombwa, kisha huulizwa baadaye; Kiingereza na Kifaransa vyote humwita jasusi. Nilipoliandika neno hilo ubaoni chumba kilinyamaza, na katika nchi yetu ukimya wa namna hiyo hauhitaji tafsiri. Msichana mmoja kutoka Muyinga ndiye aliyenyosha mkono. Alisema kwamba mtu anayekaa pembeni akiandika nani kaingia, saa ngapi, na ameomba nini, kwao huitwa karani. Nikafuta, nikaandika kaimu karani, na somo likaendelea.